MZEE OJWANG HATARI: MTUNZI ASIYESHIKA KALAMU

 Kila mwaka jarida hili la chama chetu hutoa maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha tangulia mbele ya haki. Tumekwisha soma habari za Shaaban Robert na za Mekatilili wa Menza, shujaa wetu wa hapa Ugiriamani. Mwaka huu zamu imeniangukia mimi, nami nimemchagua mchekeshaji wa runinga. Niliposema hivyo mkutanoni, wenzangu waliangua kicheko kabla hata sijamtaja jina. Nilipomtaja wakacheka zaidi, hasa wale wa kutoka bara, na mmoja akaanza kuigiza sauti yake pale pale. Mtu amekufa tangu mwaka 2015, sisi tulikuwa watoto wa chekechea, na bado jina lake tu linatosha kuchekesha darasa la kidato cha tatu! Nikajiambia, huyu ndiye.

Mtu mwenyewe ni Mzee Ojwang Hatari wa Vitimbi. Lakini Ojwang halikuwa jina lake. Jina lake halisi ni Benson Wanjau, na mwenye jina hilo, kama unavyojua mwenyewe, hatoki Kisumu. Alikuwa Mkikuyu. Kwa zaidi ya miaka thelathini Mkikuyu huyu alisimama mbele ya kamera akisema Kiswahili cha Mjaluo, na Kenya nzima ikamwamini. Babu yangu, ambaye alimtazama tangu ujana wake, alijua habari hiyo siku ya tanzia tu. Mpaka kesho yake alikuwa akitikisa kichwa.

Wanjau alizaliwa mwaka 1937, wakati wa mkoloni, kabla nchi hii haijajua runinga ni kitu gani. Runinga ilifika Kenya mwaka 1962, mwaka mmoja kabla ya uhuru, naye alikuwa kijana wa miaka 25. Mwaka 1964 serikali ilichukua utangazaji ukaitwa Sauti ya Kenya, ile ambayo wazee wetu huiita VOK. Mwaka 1970 kituo cha runinga kikafunguliwa Mombasa, na hapo ndipo sisi watu wa pwani tulipoanza kuonja. Mwaka 1989 jina likabadilika likawa KBC. Mpaka KTN ilipoanza mwaka 1990, nchi nzima ilikuwa na stesheni moja tu ya runinga. Hebu fikiria jambo hilo, wewe uliyezoea kuteleza kidole kwenye simu kutoka kichekesho hiki mpaka kile! Ukiwasha ni hiyo hiyo. Ukichukizwa, zima ulale.

Babu ananieleza kwamba mtaani kwao palikuwa na runinga moja tu, Greatwall nyeusi na nyeupe, ikiendeshwa kwa betri ya gari. Mwenye nyumba aliitoa barazani jioni na watu wakaketi chini kwenye mikeka, watoto mbele, wazee nyuma kwenye viti, na akina mama pembeni wakiwa na shughuli zao mikononi. Betri ikianza kuishiwa nguvu, picha ilijikunja pande zote ikabaki ndogo kama kadi ya posta, lakini hakuna aliyeondoka maadamu sauti ilikuwa ikisikika. Hilo nataka ulishike, kwa sababu kwa Mzee Ojwang sauti ndiyo iliyokuwa kila kitu.

Si kwamba hakuwa na sura ya kuchekesha. Alikuwa na miwani mikubwa, koti, na ule mwendo wa mtu mwenye haraka ya kwenda asikokujua. Pembeni alikuwa na Mama Kayai, mkewe wa kwenye mchezo, mwigizaji Mary Khavere, ambaye naye si Mjaluo bali ni Mluhya. Ati mume Mkikuyu, mke Mluhya, na boma lao la Kijaluo! Ojwang wa Vitimbi alikuwa mzee ajionaye mjanja kuliko wote, anayepanga hila tangu asubuhi, na hila yenyewe ikamrudia jioni mbele ya mke, majirani na wafanyakazi. Kisa kilikuwa kile kile kila juma, kimevalishwa nguo nyingine. Watu walikijua mwisho wake kabla hakijaanza, na walikuja hivyo hivyo.

Sasa nije kwenye hilo jambo la mtunzi. Mwalimu wetu wa Kiingereza alitusimulia kwamba kule New York, kati ya mwaka 1950 na 1954, kulikuwa na kipindi cha vichekesho na nyimbo kilichoitwa Your Show of Shows, dakika 90 kila Jumamosi usiku, na kilirushwa moja kwa moja. Nyuma ya mchekeshaji mkuu, Sid Caesar, palikuwa na chumba kimejaa waandishi wakipigiana kelele, miongoni mwao Mel Brooks na Neil Simon, ambao baadaye walikuwa watu wakubwa. Kazi yao ilikuwa kuandika tu, na wengine walikula jasho la kalamu hiyo maisha yao yote. Mwalimu akatueleza pia kwamba Caesar alikuwa na kipaji cha kuigiza lugha asizozijua. Angeweza kutoa sauti ukadhani ni Mfaransa au Mjerumani, kumbe hasemi neno lolote lenye maana. Alijifunza akiwa mtoto katika hoteli ya chakula ya babake, akisikiliza wageni wa kila taifa mezani.

Niliposikia hayo nikamkumbuka Mzee Ojwang mara moja. Tofauti ni kwamba huku kwetu hapakuwa na chumba cha waandishi. Michezo kama Vitimbi na Vioja Mahakamani ilikuwa ikitengenezwa namna hii: waigizaji wanapewa kisa, nani kamwibia nani, nani kamficha nani, wanakubaliana kitaanzia wapi na kitaishia wapi, wanafanya mazoezi, kisha kamera inawashwa. Maneno yenyewe kila mtu anayatoa kinywani mwake. Mimi kwa hivyo namwita Wanjau mtunzi, na anayebisha aniambie kama mwimbaji wa majibizano ngomani si mtunzi kwa sababu hakuandika kwenye daftari. Alitunga wima, mbele ya watu, akimsikiliza mwenzake huku akipika jibu.

Na alitunga katika lugha isiyokuwa yake, hiyo ndiyo kazi inayonistaajabisha. Nimetazama vipande vya michezo hiyo vilivyomo kwenye intaneti, tena na tena, kwa simu ya binamu yangu (bando lilimwishia akanikasirikia, lakini hayo ni mengine). Nilikuwa nikisikiliza herufi. Kijaluo hakina sh wala z. Kwa hiyo Mjaluo mzee ambaye Kiswahili kimemjia ukubwani atasema silingi akikusudia shilingi, na sule akikusudia shule. Mambo yanapokuwa matamu ni pale neno linapogeuka likawa jingine: shindano likawa sindano, shaba ikawa saba, shimo likawa simo. Mtu anakuambia yuko simo, wewe hujui kama yumo au hayumo!

Mkikuyu naye ana shida zake, tena za namna nyingine kabisa. Kikikuyu hakina l, kwa hiyo l na r humpiga chenga akaziweka mahali pasipo pake. Mjaluo zote mbili anazo, hazimsumbui. Unaona basi mzigo aliokuwa nao Wanjau? Ilimbidi kwanza aifiche lafudhi ya mamake, l zake zikae sawa na r zake zikae sawa, kisha juu yake avae lafudhi ya watu wengine, akumbuke kuiondoa kila sh na kila z, na hayo yote huku akijibizana na Mama Kayai bila karatasi. Jaribu dakika tano tu. Mimi nimejaribu chooni peke yangu. Sentensi ya tatu nilikuwa nimerudi Ugiriamani. Yeye alifanya hivyo zaidi ya miaka thelathini, na katika vipande nilivyoviona sikumkamata akiteleza hata mara moja.

Hapa ndipo ninapogongana na wazee wa lugha. Sisi wa pwani tuna maringo yetu kuhusu Kiswahili, tusidanganyane. Tukisikia mtu wa bara akisema nyumba yangu imeanguka kwa namna yake, tunatazamana kwa jicho la pembeni. Muhula wa pili chama chetu kilikuwa na mdahalo, na mada ilikuwa kwamba vichekesho vya runinga vimeharibu Kiswahili. Mimi nilikuwa upande wa kupinga. Waliounga mkono walikuja na silaha nzito: kwamba watoto huiga wanachokisikia, kwamba mtahiniwa hupoteza alama kwenye karatasi ya insha kwa sababu ya lugha ya vichekesho, kwamba shirika la umma halikupaswa kulipia Kiswahili kibovu huku Kiswahili sanifu kinalala njaa. Nikajibu kwamba aliyeweza kukivunja Kiswahili pale pale anapotaka, asikose hata mara moja, alikijua kuliko wengi tunaokisema kizima. Nikauliza pia, katika miaka ile ya stesheni moja, ni nini kingine kilichowaketisha Mkamba, Mmeru, Mdigo na Msomali mbele ya Kiswahili nusu saa nzima kwa hiari yao? Kitabu cha sarufi? Tulipigiwa kura 26 kwa 19, tukashindwa. Bado sijabadilisha msimamo.

Lakini kuna hoja moja iliyotolewa siku ile ambayo sikuwa na jibu lake la haraka, na haikutoka kwa wasemaji wakuu. Ilitoka nyuma, kwa mwenzetu mmoja anayekaa mtaa wa Kisumu Ndogo hapa Malindi. Kwao ni Wajaluo waliohamia pwani zamani za babu yao. Alisema kwamba nyumbani kwao Vitimbi ilipendwa, babake alicheka mpaka machozi, lakini yeye akija shuleni wenzake humsalimia kwa ile sauti ya Ojwang, kila asubuhi, tangu darasa la nne. Akasema hayo akaketi. Hakuna aliyepiga makofi wala kucheka.

Mimi ni Mgiriama, na jambo hilo nalijua upande wetu. Kwetu maji ni madzi na nchi ni tsi, na ulimi uliozoea hivyo hausahau upesi. Wachekeshaji wengi wakitaka mlinzi wa lango au mgema aliyelewa mnazi wake mwenyewe, humpa lafudhi yetu, na ukumbi unavunjika mbavu. Nami hucheka, kisha moyoni nabaki na kitu kama mwiba. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba sauti ya Ojwang haikumwumiza mtu. Ninachoweza kusema ni kwamba nimeitafuta dharau ndani yake sikuipata. Ojwang hakuwa mtu wa kuletwa kwenye mchezo dakika mbili achekwe atoke. Mchezo ulikuwa wake. Alikuwa na mke mwenye maneno makali kuliko yake, alikuwa na tamaa, alikuwa na hofu, alishindwa na akarudi juma lililofuata na mpango mpya. Watu walimcheka kama unavyomcheka baba mdogo wako, si kama unavyomcheka mgeni. Pengine yule mwenzetu wa Kisumu Ndogo hatakubaliana nami. Nilimpa ukurasa huu ausome kabla haujapelekwa kwa mwalimu mlezi. Alisoma, akasema sawa, hakuongeza neno.

Jambo hili la majina si la mchezo katika nchi yetu. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu zaidi ya 1,000 waliuawa kwa muda wa majuma machache, na mahali pengi swali lililoulizwa kizuizini lilikuwa jina lako ni nani, au hata sema neno fulani tukusikie. Sauti ile ile aliyoifanyia kazi Wanjau miaka yote, mtu mwingine aliulizwa njiani ili ijulikane apite au asipite. Naye katika siku hizo alikuwa mzee wa miaka 70, Wanjau kwenye kitambulisho, Ojwang kwa kila aliyemwona barabarani. Nimelifikiria sana hilo, wala sijui niliweke wapi.

Tuje kwenye pesa, maana nisiposema nitakuwa nimeficha nusu ya maisha yake. Jamani, umaarufu haukopeshwi dukani. Ujira wa waigizaji wa michezo ile ulikuwa mdogo, na wengi wao walizeeka bila akiba, huku nyuso zao zikijulikana kutoka Vanga hadi Turkana. Mzee Ojwang alikuwa miongoni mwao. Kufikia mwaka 2012 macho yake, yale yaliyokuwa nyuma ya miwani ile mikubwa, yalikuwa yanamfia, na hakuwa na uwezo wa matibabu. Habari zilipotoka magazetini na kwenye runinga, Wakenya walichanga. Walichanga watu wa kila kabila, wengi wao wakiwa ni wale waliokaa mikekani utotoni. Alitibiwa akaona tena. Wapo waliolisifu tendo hilo, nami nalisifu, lakini mbona mtu aliyeifanyia nchi kazi ya miaka thelathini aponywe kwa mchango kama aliyeunguliwa na nyumba? Angelipwa stahili yake, angejilipia daktari mwenyewe.

Hakukaa sana baada ya hapo. Alifariki tarehe 12 Julai 2015 katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, kwa ugonjwa wa nimonia, akiwa na umri wa miaka 78. Alizikwa Lang'ata. Viongozi walituma rambirambi kutoka kila upande, na magazeti yalilazimika kuyaandika majina yote mawili, maana ukiandika Benson Wanjau peke yake msomaji angepita bila kujua ni nani aliyekufa.

Wengine walishika njia ile ile. Charles Bukeko, Papa Shirandula, naye alikuja na lafudhi yake ya Magharibi akawa kipenzi cha nchi, mpaka alipofariki Julai 2020. Inspekta Mwala naye alikuja na sauti yake. Lakini tazama: hao wengi wao waliigiza sauti za kwao wenyewe. Aliyehama kabisa nyumbani kwa ulimi wake akaenda kuishi kwa jirani mpaka jirani akamwona ni wao, mimi namjua mmoja.

Babu nilimsomea haya yote juzi, barazani, akitafuna korosho zake. Alisikiliza mpaka mwisho akanisahihisha mahali pawili kuhusu ile Greatwall. Kisha akauliza huyo Wanjau ninayemtaja kila mara ni nani. Nikamwambia, babu, si ndiye Ojwang. Akasema basi niandike Ojwang, nisiwachanganye watu.